Matanga ya Inspekta Gesualdo

Montelaro imezaa waoga wengi, lakini hata ukiwaweka wote pamoja hawamfikii Baldassarre Quaranta. Mtu huyu alipata ugali wake, tuseme mkate wake, kwa kuua watu, na bado akiona kuku anachinjwa, chali! Kuna siku dada yake Nunziata alijikata kidole akimenya viazi. Ikabidi ajifunge kitambaa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ampepee kaka mtu aliyelala sakafuni kama gunia la ngano, akiuliza kwa sauti ya kukata roho, "Imeisha damu, Nunzià? Imeisha?"

Aliowaua walikuwa wa vitabuni tu. Baba yao, mwenye duka la dawa, alimpeleka Napoli akasomee sheria. Akakaa huko mpaka walimu wake wakaota mvi na kustaafu, akarudi na kofia ya bei mbaya na kikohozi cha kujitia mgonjwa. Kazi gani angeiweza? Akajifungia chumbani kuandika hadithi za upelelezi, zile zenye jalada la njano zinazouzwa kwenye vituo vya treni. Nunziata akapika, akafua, akapiga pasi, akazeeka. Na kila aliyemkwaza Baldassarre alijikuta kitabuni, maiti. Mchinjaji aliyempimia nyama yenye mifupa alinyongwa katika riwaya moja, akalishwa sumu katika nyingine, kisha akaangukiwa na piano. Mke wa mwalimu aliyecheka shairi lake alizamishwa kwenye pipa la divai. Lakini barabarani, ana kwa ana, Baldassarre aliwavulia kofia wote hao na kuwauliza hali za watoto.

Mji ulimvumilia kwa sababu ya mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa yeye. Alikuwa Inspekta Gesualdo, yule aliyewakamata wauaji katika vitabu vyote vile. Gesualdo alikuwa mjane, mnene, mtu wa kusini kama sisi, aliyehamishiwa Torino kwenye baridi na ukungu. Kila akimtia mtu pingu alirudi nyumbani, akajipikia tambi za dengu na kulia kidogo akimkumbuka marehemu mkewe. Wanawake wa Montelaro walimpenda kuliko waume zao. Donna Serafina, mwenye tanuri la mkate, alimwashia mshumaa kanisani alipougua mafua nusu kitabu, na akapona sura iliyofuata. Wanaume kwenye baa walimwuliza Baldassarre, "Inspekta hajambo?" Baldassarre mwenyewe kama ni mzima au yuko kaburini, hilo halikumhusu mtu.

Wivu ukamtafuna. Hebu fikiria, mtu mzima kumwonea wivu mtu aliyemtunga mwenyewe! Akajiona mkubwa mno kwa hadithi za maiti, akataka kuandika riwaya nzito. Katika riwaya hiyo mtu anakaa kwenye kiti na kufikiri. Basi. Mpaka ukurasa wa mwisho hajanyanyuka hata kwenda chooni.

Mchapishaji wake wa Milano, Signora Vismara, alimjibu kwenye simu bila kuzunguka. "Muue Inspekta wako kama amekuchosha. Kitabu cha kifo chake kikitoka, nakuja huko Jumamosi kwenye sherehe. Nikikuta uwanja umejaa watu wanakushangilia wewe, nakuchapishia mtu wako wa kiti. Nikikuta paka, tusijuane tena."

Basi Baldassarre akamtupa Gesualdo kutoka juu ya mnara wa kengele kule Torino. Ili watu waje uwanjani, akafanya alichokiita ujanja. Alichapisha matangazo ya msiba, yale yenye ukingo mweusi na msalaba juu, kama anayobandikiwa marehemu yeyote, akayabandika kuta zote: Ametutoka Inspekta Gesualdo Tramontano. Nyote mnaombwa kufika uwanjani Jumamosi. Akarudi nyumbani anacheka peke yake kama mbuzi aliyeingia shamba la kabichi.

Mtu aliyezaliwa Montelaro, hajui kwamba ukingo mweusi hauchezewi! Karatasi ile ikishagusa ukuta, mji una wajibu kwa marehemu, na hakuna anayeuliza kama marehemu alizaliwa na mama au na wino. Kabla ya chakula cha mchana mlango wake ulikuwa umezibwa na wanawake waliovaa nyeusi, kila mmoja na sufuria, na mbele yao Donna Serafina amekumbatia bakuli la mchuzi wa kuku.

"Pole, mwanangu Nunziata. Zima jiko. Nyumba ya msiba haipiki."

"Mama Serafina, mbona hakuna aliyekufa?"

"Karatasi iko ukutani. Au unataka kuniambia nimelia bure kutoka sokoni mpaka hapa?"

Baldassarre akatokeza na joho lake la kulalia. "Jamani, lile ni tangazo la biashara! Huyo mtu hayupo!"

"Hayupo, ndiyo. Na nani kamwondoa?"

"Kaanguka mnarani!"

"Na unene ule? Mtu aliyekuwa akipumzika kila ngazi, apande mnara kutafuta nini? Umemsukuma wewe, Don Baldassà. Kijicho tu. Pisha, mchuzi unapoa."

Baldassarre akatoka mbio kwa Ubaldo, mkuu wa bendi ya mji. Njiani akaona baa zimeteremsha milango nusu, kama desturi ya kilio.

"Ubaldo, ndugu yangu, Jumamosi mtapiga?"

"Tutapiga, kwa nini tusipige?"

"Mungu akubariki!"

"Ile ya mazishi."

"Nataka ya furaha! Ya kucheza!"

"Msibani? Wewe ulilelewa na nani?"

Akarudi kwenye ukuta wa kwanza akaanza kubandua karatasi kwa kucha. Dirisha likafunguka juu yake. "Bandua tu, Don Baldassà! Mwenye kubandua jina la marehemu huandikwa yeye!" Akaiacha karatasi. Akatafuta funguo mfukoni aguse chuma kuepusha mkosi, na mtaa mzima ukamwona akipapasa suruali.

Jumamosi Signora Vismara akashuka kwenye teksi, na uwanja ulikuwa umejaa hata njiwa walikosa pa kutua. Watu walikuja na mabasi kutoka vijiji vya bondeni. Wote nyeusi tupu. Ubaldo na bendi yake mbele, polepole, halafu picha ya Gesualdo iliyokuzwa kutoka kwenye jalada, imebebwa begani na wanaume sita, maana hata picha yake ilikuwa nzito. Wanawake walilia mpaka mfereji wa uwanja ukafurika. Baldassarre alisimama kwenye njia yao na hotuba mkononi, shingo imefungwa kitambaa cha hariri, akingoja kushangiliwa.

"Sogea," Donna Serafina akamwambia, akimsukuma kwa kiwiko. "Msiba unapita."

Signora Vismara alitoa leso, naye akalia. Alipomaliza kupenga kamasi akamwendea mwandishi wake.

"Uwanja umejaa, Signora!" Baldassarre akawahi kusema. "Ulisema ukijaa..."

"Nilisema wakushangilie wewe. Sikia. Krismasi nataka Gesualdo awe hai."

"Kaanguka kutoka mnarani! Kapasuka kichwa!"

"Si wewe ndiye mwandishi? Mwokote."

"Na mtu wangu wa kiti?"

"Huyo mwache akae."

Mwanamume mwenye uti wa mgongo angemtupia hotuba ile usoni. Baldassarre alitazama ncha za viatu vyake, akauliza kwa upole kama anaweza kuongezewa wiki mbili. Hakuongezewa.

Jumatatu alikuwa mezani. Mnara akaufupisha, chini yake akaegesha mkokoteni wa nyasi, na kichwa kilichopasuka kikageuka kuwa tikiti maji la mchuuzi aliyekuwa akipita. Majira ya baridi! Tikiti maji, Torino, majira ya baridi! Wala hakuona haya. Donna Serafina sasa alikuja kila alasiri baada ya kufunga tanuri, akaketi jikoni kwa Nunziata, akamwita Baldassarre kutoka chumbani kama anayemwita mtumishi wa hospitali.

"Keshafumbua macho?"

"Jicho moja, Donna Serafì."

"La pili unangoja nini?"

Akarudi chumbani kulifumbua.