Shati la Wajina

Ukitaka kumjua Ephantus Ndung'u, usiwaulize wenzake wa kazini. Hao watakwambia ni mtu mpole, mtu wa kanisa, mtu ambaye kwa miaka yote aliyosimamia mashine ya kumenya kahawa kwenye shamba la Mzungu hapo nje ya Ruiru hajawahi kumpandishia mtu sauti. Na hawasemi uongo. Kamuulize mtoto wake wa mwisho.

Ephantus alikuwa na watoto wanne, na kwa desturi ya Wagikuyu hakuna hata mmoja aliyemchagulia jina kwa kupenda. Majina yana foleni yake. Kifungua mimba, Macharia, alichukua jina la baba yake Ephantus. Ngendo, binti wa pekee, alichukua la mama yake Ephantus. Gatimu, wa tatu, akapewa la baba yake Mumbi, mkewe Ephantus, yaani baba mkwe. Sasa niambie wewe, mtu atampigaje baba yake? Atampigaje mama yake? Na baba mkwe, mtu ambaye hata ukimwona njiani unashuka baiskeli na kuvua kofia? Macharia akivunja kikombe, Ephantus alimwambia, "Baba, uwe ukiangalia." Ngendo akikawia mtoni, aliitwa "maitu", mama yangu, akaulizwa kwa upole kama leo maji yalikuwa mbali. Gatimu alikuwa akilamba sukari mchana kweupe na hakuna aliyemfanya kitu.

Akabaki Kang'ethe, wa miaka tisa. Yeye alipewa jina la mdogo wake Ephantus, na mdogo ni mdogo, unaweza kumtia adabu. Basi fimbo zote za nyumba ile zikawa na mgongo mmoja wa kufikia. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Hata Ephantus ungemwambia angebisha mpaka jua litue, maana kati ya watoto wote huyo ndiye aliyempenda zaidi, kwa ajili ya jina lile.

Jumamosi moja ya mwaka wa hamsini na tisa nyumba ilikuwa na shangwe. Kesho yake, Jumapili, Kang'ethe mkubwa, yule mdogo wake Ephantus, angekuja. Alikuwa ametoka kwenye kambi ya kizuizini ya Waingereza mwezi uliotangulia, baada ya miaka minne, na mara ya mwisho alipomwona wajina wake, yaani mtoto aliyepewa jina lake, mtoto huyo alikuwa akinyonya kidole. Mumbi alikuwa amefua kila kitu kinachofulika. Ngendo alikuwa akipuliza makaa ya pasi na kunyoosha nguo za kanisani, akilalamika kwamba ana miaka kumi na minne na bado anapewa kola za wavulana kana kwamba ni mke wao. Gatimu alitumwa kumkamata jogoo, akarudi na manyoya mawili. Ephantus alipotoka kazini saa sita alioga, akala, akaiegemeza baiskeli ukutani na kwenda kwa miguu kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

Aliporudi jioni aliikuta baiskeli imelala chini. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda vibaya, spoku zimechomoka. Kando yake alikuwa amechuchumaa Kang'ethe mdogo, mikono myeusi kwa grisi, anahangaika kuinyoosha rimu kwa jiwe.

Ephantus hakuuliza. Tuseme ukweli, hakuuliza. Ile baiskeli aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na kikao kilikuwa kimemchosha, na mtoto alikuwa pale, na jina lake lilikuwa lile. Alivunja fimbo kwenye mti wa kahawa ulio nyuma ya nyumba, akamshika mtoto mkono mmoja, akampiga mgongoni na kwenye mabega. Mtoto hakukimbia. Alisema mara moja tu, "Baba, nilikuwa naitengeneza."

Ni katikati ya kupiga ndipo Ephantus alipokiona kiti. Kiti cha baiskeli kilikuwa kimepandishwa, chuma chake kinang'aa mahali ambapo hakijawahi kuonekana. Kang'ethe mdogo huendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba, hata kile kiti hakifikii. Ni mtu mrefu tu anayeweza kukipandisha vile. Na mrefu kumpita Ephantus katika nyumba ile alikuwa mmoja, Macharia, kijana wa miaka kumi na sita ambaye wiki nzima alikuwa akizungumza juu ya mpira utakaochezwa Thika.

Alikiona. Akaelewa. Na mkono ulikuwa umeshapanda, akaushusha tena. Akaushusha na mara nyingine baada ya hapo.

Hilo ndilo lililomnyima raha usiku kucha. Angekuwa amekosea tu, angejisamehe, maana kila mzazi hukosea. Lakini alikuwa amejua, akaendelea, kwa sababu kusimama pale kungemlazimu aende kumtafuta Macharia, na Macharia ni baba yake.

Asubuhi Mumbi alimkuta nje, anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Baba Macharia, umeona kiti cha baiskeli?"

"Nimekiona."

"Ulikiona lini?"

Ephantus alikoroga. Mumbi akaingia ndani. Alimpaka mtoto mafuta mgongoni, halafu akamvisha sweta la Ngendo, lile zito la kijani, akalifunga vifungo hadi shingoni. Jua lilikuwa tayari linachoma.

Walipokuwa wakitoka kanisani Macharia alimfuata baba yake kando ya ua. Macho yalikuwa mekundu. Usiku hakula, na kijana wa umri ule asipokula ujue jambo limemfika kooni.

"Baba, baiskeli ni mimi niliyeichukua. Niliangukia shimo nikitoka Thika. Nilikuwa nimeenda kumwita fundi, niliporudi..."

"Najua," Ephantus akamkata.

Macharia akamtazama. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, labda hata kwa machozi. Hilo la "najua" hakujiandaa nalo. Akauliza polepole, "Ulijua saa ngapi?" Swali lile lile la mama yake. Ephantus akamwambia waende, mgeni atafika wasiwepo.

Huyo mgeni ndiye aliyekuwa akimtetemesha. Si kwamba Kang'ethe mkubwa alikuwa mtu wa fujo, la. Ni kwamba hakuna mtu duniani ambaye Ephantus angetaka kumficha ule mgongo kama yeye. Walipokuwa wavulana walichunga mbuzi wa baba yao pamoja. Ephantus ndiye mkubwa, mwenye jina la babu yao Ndung'u, na ndiye aliyependa kulala chini ya mti au kucheza na wenzake. Mbuzi wakipotelea kwenye viazi vya watu, baba yao hakuweza kumwinulia mkono yule aliyebeba jina la mzee wake. Alimchapa mdogo. Ephantus alikuwa akisimama kando na kutazama, na jioni alimpa mdogo wake nusu ya kiazi chake. Alipopata mtoto ambaye jina lake lilifika zamu ya Kang'ethe, alilia kwa furaha. Alidhani anamlipa mdogo wake wema.

Kang'ethe mkubwa alifika saa saba, amekonda, mvi zimemtangulia, kicheko chake ni kile kile. Alimsalimia kaka yake kwa mikono miwili. Akamtania Ngendo, "Mama, umekuwa mrembo hivi na hujaniambia?" Akamwinamia Gatimu kwa heshima za uongo kama mtu anayeamkia wakwe, wote wakacheka. Halafu akauliza, "Mimi niko wapi? Sijioni."

Kang'ethe mdogo akasogea, jasho linamtiririka kwenye masikio. Wajina wake akamwinua, na Ephantus akaona uso wa mtoto ukikunjamana na kukunjuka upesi. Walikula. Jogoo alikuwa mgumu na Gatimu akasema ni kwa sababu ya zile mbio. Ephantus alicheka pamoja nao.

Baada ya chai mgeni alifungua mfuko wake akatoa shati. Shati la kaki, la mtoto, lenye mifuko miwili na vifungo vya mifupa, mishono imenyooka sawasawa.

"Kule nilifundishwa cherehani," alisema. "Nguo ya kwanza kushona mwenyewe bila kuambiwa na mtu ni hii. Sikujua wajina wangu ana mwili gani. Nilikata kwa kukumbuka wangu nilipokuwa mdogo. Njoo tujaribu."

Ngendo akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

"Nitajaribu kesho," mtoto akasema.

"Kesho mimi sipo, bwana. Toa hilo sweta, au umeokoka nalo?"

"Sisikii joto."

"Unavuja kama paa la makuti halafu husikii joto?" Alisema hivyo huku anacheka, na vidole, vilivyozoea vifungo sasa, vilikuwa vimeshafungua vitatu. Mtoto alimwangalia baba yake. Hakumwangalia kwa lawama. Alimwangalia kama mtu aliyepewa kazi na kazi inamshinda, na Ephantus alitamani ardhi impokee.

Sweta likatoka.

Alama zilikuwa zimevimba, mpya, zimepishana mabegani. Kang'ethe mkubwa alimgeuza mtoto taratibu, akamvisha mkono mmoja wa shati, kisha wa pili, akaanza kufunga vifungo kutoka chini kwenda juu. Shati lilimkaa kana kwamba alipimwa.

"Ni mbuzi wa nani waliopotea, wajina?" aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Hakuna mbuzi," mtoto akajibu. "Nilianguka na baiskeli."

Macharia aliinuka akatoka nje. Kang'ethe mkubwa hakumtazama kaka yake. Alimpangusa mtoto jasho kwa kiganja na kusema, "Hata mimi nilikuwa naanguka sana."

Saa kumi Ephantus alimsindikiza hadi barabara kuu. Walienda kwa miguu, hakuna baiskeli ya kusukuma. Njia nzima Ephantus alitafuta pa kuanzia, na kila alipopata neno, neno lenyewe lilionekana dogo. Ni mdogo wake aliyezungumza, na alizungumza kana kwamba anaeleza habari za mvua.

"Nataka kuoa, Ndung'u. Kuna mwanamke amekubali. Nikijaliwa wavulana, wa kwanza ni baba yetu, wa pili ni baba mkwe. Wa tatu ni wewe."

"Nitafurahi," Ephantus akasema.

"Nimekuwa nikifikiri tangu tutoke mezani. Huyo wa tatu nitamlea vipi? Sitaki kuwa na hasira na mtoto."

Akampa mkono, akapanda lori la mboga lililokuwa likielekea Thika, akakaa juu ya magunia, akapunga mkono wakati lori linakata kona. Ephantus alisimama pale muda mrefu.

Alirudi nyumbani amepiga moyo konde. Nitamwambia, alijisemea. Nitamwomba mtoto msamaha, mbele ya mama yake, mbele ya Macharia, mbele ya wote, na kama mtu mzima hamwombi mtoto msamaha basi leo ataanza. Aliyarudia maneno njiani mpaka yakanyooka. Alipofika uani familia yote ilikuwepo. Mumbi alikuwa akichambua maharagwe, Ngendo akimsuka jirani nywele, Macharia na Gatimu wamepiga magoti kwenye ile rimu wanaihangaikia kwa zamu. Kang'ethe mdogo alikuwa amekaa juu ya debe, ndani ya shati lake la kaki, hasogei, asije akalikunja.

"Kang'ethe," Ephantus aliita. Sauti ilitoka nzito kuliko alivyokusudia.

Mtoto aliinuka mara moja. Alitazama mikono ya baba yake, kisha ule mti wa kahawa. Akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, kutoka juu kwenda chini, kwa uangalifu. Akalivua, akalikunja vizuri, akampelekea Ngendo amshikie lisichanike.

Halafu akaja akasimama mbele ya baba yake, akageuka, akampa mgongo.