Mwoka Mikate Aliyesema Maneno Yangu

Nina hasira. Nasema mapema ili mtu asidhani najificha. Nimeuza vitambaa vya mapazia Kariakoo kwa miaka kumi na moja, kwenye duka la kaka yangu, na miaka yote hiyo kaunta imekuwa yangu. Wapo wateja wanaokuja kwa ajili ya mapazia, na wapo ambao nadhani huja kunisikiliza. Mtu akisimama nusu saa nzima anapapasa kitambaa kimoja, anakikunja, anakikunjua, mimi humuuliza: "Unataka kukiposa?" Anayeujua mji anacheka na kununua. Asiyeujua anasonya, anahamia duka la jirani.

Juu ya duka letu kuna chumba alichopanga bwana mmoja ambaye kazi yake ni kutafsiri filamu za nje. Anakaa na kipaza sauti na kuwasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, kwa Kiswahili cha mtaani. Kuta zake amezipigilia magodoro ili kelele za sokoni zisiingie. Siku moja alishuka akaniomba, kwa adabu kabisa, nipunguze sauti kidogo, kwa sababu nilikuwa napenya magodoro. Nilimwambia aongeze godoro.

Mwaka jana akaja mfanyabiashara kutoka mkoani, akaniambia anataka kuzungumza na mwenye duka. Nikamjibu azungumze na mimi. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema yeye anataka mwanaume. Nilimwonyesha mlango, na njia nzima ya kumsindikiza sikufunga mdomo. Majirani walitoka kutazama. Kaka aliposikia, aliniita pembeni. Alisema kuanzia mwezi unaofuata nitakaa stoo kupanga majora ya vitambaa, na kaunta atakaa mke wake. Stoo yetu haina dirisha. Nilijua nikiingia mle kufanya kazi, sitoki tena.

Kaka huyo huyo akiwafokea wapagazi asubuhi, sauti yake inafika kona ya pili. Watu wanasema ana msimamo. Mimi nikifoka, wanasema nina tatizo. Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Mama yetu ndiye aliyeniombea msamaha. Kaka akakubali kunipa nafasi moja: Jumapili baada ya ibada twende kwake Buguruni, nitazame filamu aliyoinunua, kisha niahidi mbele ya familia kwamba nimebadilika. Alikuwa ameichukua Mtaa wa Msimbazi, kwenye kibanda wanapokuwekea filamu kwenye flashi. Alisema ni ya kuchekesha lakini ina mafunzo.

Filamu ilikuwa ya mwoka mikate mwenye hasira. Binti yake anampeleka kwa mwalimu wa kutuliza hasira, na mwalimu anamfundisha kuhesabu mpaka kumi kila damu inapomchemka. Anampangia hata watu wa kumuudhi makusudi. Mmoja anamkanyaga, mwingine anampigia filimbi sikioni. Nilikaa nimekunja mikono. Sauti ya mtafsiri niliitambua mara moja, jirani yangu wa juu.

Kisha mteja akaingia dukani kwa mwoka mikate, akaanza kubonyezabonyeza mkate. Mwoka mikate akahesabu. Alipofika saba akalipuka: "Umekishika tangu asubuhi, unataka kukiposa?"

Sebule nzima ilivunjika mbavu. Kaka alicheka mpaka akavua miwani. Mama alijifuta machozi kwa kanga. Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu sikio langu lilikuwa limenasa kitu. Mkate hausemwi hivyo. Ungekuwa mkate kweli, angesema umeushika, unataka kuuposa. Ile "ki" ilikuwa ya kitambaa. Yule bwana aliyachukua maneno yangu kama yalivyompandia pale ghorofani, na hakujisumbua hata kuyabadilisha nguo.

Wifi yangu akageuka kunitazama. "Wifi, huyo si wewe?"

Kuanzia hapo nilisikiliza vizuri. Kila mwoka mikate alipokasirika, niliyekuwa nasema ni mimi, na kila niliposema, kaka yangu alicheka. Mwishoni mwoka mikate alihesabu mpaka kumi, akapiga magoti mbele ya wateja, akaomba radhi, nao wakamkumbatia. Hapo mtafsiri ilibidi atumie maneno yake mwenyewe, kwani maneno ya namna hiyo hajawahi kuyasikia kwangu. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameanza kutafuta viatu vyake.

Kaka alizima televisheni, akaniuliza kama nimejifunza. Nikasema nimejifunza sana.

"Kila ulipocheka, kaka, ni maneno yangu yaliyokuchekesha," nikamwambia. "Kesho niko kaunta. Ukitaka mtu wa stoo, yule aliyepiga magoti atakufaa."

Alisema atakuja kunitazama mwenyewe, na mteja akiniudhi nihesabu, vinginevyo majora yananisubiri.

Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyevaa baibui. Alivuta kitambaa cha maua, akakipapasa. Akakikunja, akakikunjua, akakipeleka kwenye mwanga, akakirudisha, akakinusa. Nilihesabu, kweli kabisa. Nilifika tatu. Nikainua macho kumtazama kaka, nikaona midomo yake inacheza polepole. Yeye ndiye aliyekuwa anahesabu.

Nikamgeukia yule mama, nikafungua mdomo. Sikumngoja kaka afike kumi.