Profesa wa Uongozi Ateremka Ilemba

Niliondoka Mbeya kwa sababu Profesa alihitaji mtu wa kumbebea projekta. Mimi ni mhadhiri msaidizi. Yeye amefundisha menejimenti na uongozi tangu nikiwa shule ya msingi, na vitabu vyake vitatu vinasema jambo lilelile kwa majalada tofauti. Tulialikwa kuwafundisha viongozi wa ushirika wa wakulima wa Ilemba.

Asubuhi, barabara ya Tunduma. Profesa alikaa mbele akisimulia alivyowahi kumnyoosha mkuu wa idara. Tulipopita Laela, dereva wetu, Mzee Kasiani, Mfipa wa hapo, alipunguza mwendo atuonyeshe mashamba ya ulezi ya kwao. Profesa akamwambia aangalie barabara.

Sumbawanga, saa saba mchana, upepo wa baridi. Mzee Kasiani alishauri tulale mjini, maana mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kuteremka bondeni, iliko Ilemba, huharibika. Profesa alimjibu kwamba anayeamua ni kiongozi. Basi akaamua.

Saa kumi, mwisho wa mteremko, gari lilizama kwenye tope. Profesa alipandisha kioo, akapiga simu chuoni kwa sauti iliyopenya kioo hichohicho, akitaka Mzee Kasiani afukuzwe kwa uzembe. Nilikuwa nje, tope magotini. Niliinama nikachimbua magurudumu.

Wanawake watano waliotoka shamba walitukuta simu ikiendelea, wakatua mizigo. Mmoja wao, mama wa makamo, alikata matawi, akampanga kila mtu mahali pake, kisha akamwomba Profesa ashuke gari liwe jepesi. Profesa alisema viatu vyake si vya kazi ile. Wakalisukuma gari naye akiwa ndani.

Kesho yake, Ilemba. Mama yule alikaa mstari wa mbele. Kumbe ndiye mwenyekiti wa ushirika, Mama Desderia. Profesa hakumtambua. Kwa saa mbili alifundisha jinsi kiongozi anavyobeba lawama za walio chini yake. Akamaliza, mama akasimama.

"Shikamoo, Profesa. Jana nilikusikia kwenye simu. Nani aliamua mteremke na mvua ile?"

Profesa alisema dereva alikosea makadirio, akanigeukia. "Mwenzangu huyu alikuwepo."

Ukumbi mzima ukanitazama. Mzee Kasiani alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Uliamua wewe, Profesa," nikasema. "Mzee alikukataza."

Profesa akaanza kukunja nyaya za projekta mwenyewe, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya.

Safari ya kurudi, alikaa nyuma hadi Mbeya. Chuoni, walipochunguza malalamiko dhidi ya dereva, nilitakiwa kuyaandika yale maneno niliyosema ukumbini, nikayaandika. Mzee Kasiani yupo kazini. Mimi nimeondolewa kwenye somo la uongozi. Profesa bado analifundisha, na ukumbi hujaa.

Nilimdharau tangu Tunduma, nikajiona mtu bora kwa dharau ile. Lakini pale kwenye tope nilimsikia akimfukuzisha mzee wa watu, nikanyamaza. Mama Desderia asingeuliza, ningekuwa kimya hadi leo, nikiendelea kumbebea projekta.