Kidole Chini ya Injini

Kila fundi wa pikipiki hapa Eldoret anaweza kufungua injini. Hata mwizi anafungua. Kazi ni kujua oili inatokea wapi kabla hujagusa spana, na hiyo kazi nilikuwa naifanya kwa kidole kimoja.

Nieleze kwa yule ambaye hajawahi kuchuchumaa kando ya pikipiki. Oili haidondoki pale inapovuja. Inashuka, inapigwa na upepo wa safari, inarudi nyuma, inashikana na vumbi, mpaka tumbo lote la injini linakuwa jeusi. Ukiangalia kwa macho unaona uchafu tu. Lakini oili ya zamani imeganda kama uji uliokaukia kwa mwiko, na ile inayotoka sasa ni nyembamba, inateleza. Kidole kinajua. Nilikuwa napitisha kidole kutoka juu hadi chini huku macho yangu yako barabarani, naongea na mwenye pikipiki habari za mvua, halafu nasema: ni hapa. Watu walitoka Kesses na Plateau, wakapita mafundi wote wa njiani, wakaja kwangu.

Na mimi nilitoka upande wa ziwa na suruali moja na darasa la tano. Hakuna mtu alinipa hata nati. Nilianza chini ya turubai kando ya barabara ya Kapseret, na leo karakana ni yangu, ploti ni yangu, nyumba ni ya mawe, na watoto wangu wamesoma mpaka wanaona haya na Kiingereza changu. Vyote vilitoka kwa hii mikono. Naviandika ili mtu aelewe nimepoteza nini.

Mvua ndefu ilipoanza, alikuja mteja wangu wa miaka mingi, mtu wa Kapseret anayekusanya maziwa kwa majirani na kuyaleta mjini. Pikipiki yake ilikuwa inavuja na oili inafika hadi gurudumu la nyuma. Kwa lami iliyolowa, hiyo ni kaburi. Alikuwa ameshateleza, mikebe ikamwagika.

"Fundi, hii kitu itaniua," alisema, na hakuwa anatania.

"Haitakuua nikiwa hapa. Kaa chini, kunywa chai."

Nikapitisha kidole. Nikasema ni gasketi ya juu, ile pedi nyembamba ya kuziba pale kwa kifuniko cha valvu. Nikabadilisha, akaenda, akarudi gurudumu likiwa linang'aa kwa oili. Nikapitisha kidole tena, nikasema ni gasketi ya chini ya silinda. Hiyo ni kazi ya kutoa kichwa cha injini. Niliifanya kwa moyo wote, na maziwa yake yakapelekwa na mtu mwingine. Akarudi tena. Safari hiyo goti la suruali lilikuwa na matope na alikuwa anachechemea.

Afadhali angenitukana. Badala yake aliisimamisha pikipiki polepole, akasema, "Mzee, labda umechoka. Naweza kuiacha hapa mpaka kesho."

Miaka yote aliniita fundi. Siku hiyo nikawa Mzee.

Ukweli ni kwamba kidole changu kilipita chini ya ile injini na sikusikia kitu. Haikuwa imelowa, haikuwa kavu. Ilikuwa kama kushika na glavu. Na haikuanza siku hiyo. Kwa muda mrefu nilijiambia ni sugu, ngozi ya fundi hukomaa. Hata nilikuwa nimeifanya maonyesho. Nilikuwa natoa plagi kwa injini iliyotoka safari, ikiwa moto vile inatoka, naishika kwa vidole vitupu na kuendelea kuongea, na watu wa boda boda wanapiga miluzi. "Huyu si mtu, ni chuma," walisema, nami nikaenda nyumbani nimetutumua kifua. Nani angeniambia nilikuwa naonyesha watu ugonjwa?

Basi jua lilipochomoza kidogo, nikafanya kitu nilichokuwa nawacheka wengine wakifanya. Niliosha injini kwa petroli na sabuni, nikaikausha, nikaingia kwa hoteli ndogo ya mke wangu, pale pale kando ya karakana, nikachota unga wa ngano. Nikaipaka injini yote, hata nyuma ya kifuniko cha cheni. Oili ikitoka, unga utalowa, na macho yataona.

Mtu wa maziwa alisahau goti lake. "Nyinyi watu wa ziwa mna mambo. Umeipaka unga kama samaki. Mafuta si iko tayari? Imebaki ndimu tu."

Mke wangu alikuwa amenifuata hadi mlangoni. "Hiyo unga ilikuwa ya chapati. Sasa wateja wangu nitawapa nini, gasketi?"

Nilicheka nao, nikampa mtu wa maziwa ufunguo.

Akaiendesha hadi karibu na uwanja wa ndege, akarudi. Nikapiga magoti upande wa kushoto, nikajishikilia kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikatoa kifuniko cha cheni. Unga ulikuwa mweupe kila mahali isipokuwa nyuma ya ile gia ndogo ya cheni, pale shafti ya kubadilishia gia inapotokea. Hapo ulikuwa umelowa, umekuwa donge la kahawia. Ilikuwa sili, kampira kadogo kama pete ya mtoto.

"Nimeipata," nikasema.

Nikasikia harufu kama ya kwato za mbuzi zikichomwa. Nikadhani ni unga.

"Fundi, mkono," akasema mtu wa maziwa. Sikuelewa. "Mkono wako."

Akanishika kifundo akauvuta. Nilikuwa nimejishikilia kwa bomba la eksozi, lile la moshi, pale linapotokea mbele ya injini. Kipande cha ngozi ya kiganja kilibaki pale, kikatoa moshi. Sikuwa nimesikia chochote, hata alipouvuta.

Akaangalia kiganja, akaangalia bomba. Halafu akapeleka kidole chake mwenyewe pale kwa sili, akakisugua na kidole gumba.

"Hapa ni maji maji kabisa," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa hukupitisha?"

"Nilipitisha."

Mke wangu alinifunga mkono kwa kitambaa safi. Sili mpya aliiweka mtu wa maziwa, mimi nikimwelekeza. Sukuma taratibu. Isilale upande. Zungusha.

"Imeingia?" nikamuuliza.

"Imeingia."

Ikabidi nimwamini. Katika karakana yangu, mimi, kumuuliza mwenye maziwa kama sili imeingia.

Hospitalini walipima damu wakakuta sukari. Daktari aliniambia nifumbe macho, niseme kila akinigusa kidole na sindano. Nilingoja. Nilingoja mpaka nikadhani hajaanza. Nilipofumbua macho alikuwa ameshafika kidole cha mwisho. Akaniambia dawa itazuia isiendelee, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa nisitarajie ipone.

Mke wangu hakushtuka. Alikuwa ananifunga vifungo vya shati la kanisa tangu Krismasi, na mimi nikidhani ananidekeza.

"Nilikuwa nakudekeza pia," akasema.

Watu waliosoma, mkono ukikataa, wana karatasi za kuonyesha. Mimi nitamwonyesha nani nini? Asubuhi nafungua karakana kama kawaida, napanga spana, nakaa. Mtu akileta pikipiki inayovuja, namwambia nina kazi nyingi, na karakana yote aliyosimama ndani yake ni tupu.

Mtu wa maziwa amebaki mteja wangu. Hajamwambia mtu, najua, kwa sababu ingekuwa imenifikia. Alikuja juzi kubadilisha oili, kazi ambayo hata mtoto anaifanya. Nikamwaga ya zamani, nikaokota bolti ya chini inayoziba oili, ikaniponyoka. Nikaiokota tena, ikaniponyoka tena. Akachuchumaa karibu nami, akaichukua, akaifunga, akaikaza kwa spana yangu. Halafu akapitisha kidole chake kuizunguka, polepole, kutoka juu hadi chini, vile alikuwa ameniona nikifanya miaka yote.

"Ni kavu, Mzee," akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa na njia ya kujua.