Aliyeonja Chai Yangu

Kabla hujaniuliza, nakujibu: hapana, nilikuwa bado sijainywa. Birika lilikuwa mezani, mfuniko juu, majani yakiendelea kulowa, na mdomoni sikuwa na kitu zaidi ya mate yangu mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia, akisikia tu neno CBD, ananikatiza na kucheka. "Maman, ni bangi ilikupanda." Basi cheka kwanza umalize, halafu unisikilize. Nina miaka hamsini na miwili, natunza wazee wa watu katika nyumba ya wazee kule Laeken, hapa Ubelgiji, na kukudanganya hakuniongezei kitu.

Usingizi ulinikimbia mwezi wa tisa, wiki ile ile tuliyomzika Nabintu. Nabintu ni nani nitakueleza, subiri. Mimi hulala saa mbili usiku, maana zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Sasa nikawa nalala saa mbili, saa tano macho yako wazi, na ndiyo basi mpaka alfajiri. Kazini nikaanza kupotea. Siku moja nilimvalisha mzee mmoja soksi za jirani yake. Siku nyingine nilimpelekea bibi mmoja kifungua kinywa mara mbili, naye akala mara zote mbili. Ndipo mwenzangu Martine, Mbelgiji, akaniita pembeni. Akaniambia kwamba yeye, baada ya talaka yake, aliponywa na tisane, chai ya majani, ya CBD. Mmea ni ndugu wa bangi, akasema, lakini kile kinacholewesha hakimo, kimebaki kile kinachotuliza. Inauzwa dukani mchana kweupe.

Nilikwenda. Duka lenyewe liko Saint-Josse, mitaa miwili kutoka kwangu, kati ya fundi simu na kinyozi. Msichana wa dukani alinipa ratiba nzima: simu izimwe, miguu iingie kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, nipumue polepole mara kumi, ndipo kikombe. "Na usisahau maziwa, yale yenye mafuta," akasema, kwa kuwa dawa yenyewe haishiki kwenye maji matupu. Mimi, mwanamke wa Bukavu, nifundishwe kutia maziwa kwenye chai! Nilicheka njia nzima.

Lakini niamini, ilifanya kazi. Wiki tatu nililala. Shida ilikuwa harufu tu. Inanuka bangi, hakuna la kuficha, na jengo letu lina ngazi moja. Papa mmoja, mzee wa ghorofa ya kwanza, shemasi wa kanisa letu, alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akaniambia atanikumbuka kwenye sala.

Sasa Nabintu.

Tulikutana kwenye kituo cha wakimbizi, mwaka wetu wa kwanza Ubelgiji, chumba cha wanawake sita, wa Bukavu tukiwa wawili tu. Labda hujui desturi yetu: Kivu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, umwone amemeza na bado amesimama, ndipo anakupa. Kwetu sumu inaogopwa kuliko bunduki, na kuonja ni heshima. Nabintu aliigeuza mchezo. Kila asubuhi pale kituoni alichukua kikombe changu cha kahawa kutoka kwenye mashine, akapiga funda moja, akafunga macho, akaweka mkono kifuani kama anasikiliza. Nasubiri. Anafungua jicho moja. "Niko muzima. Kunywa." Mwanamke aliyekimbia nyumba yake usiku, na ndiye alikuwa anatuchekesha sote.

Miaka ishirini ikapita. Kila mmoja akapata nyumba yake, yeye Laeken, mimi Saint-Josse, na mchezo ukaisha wenyewe. Ungeonja wa nini? Nilikuwa nakula kwake kama kwangu.

Halafu, mwezi wa saba, Maman Georgette wa kwaya alikula kwa Nabintu, na jioni ile ile akabebwa hospitali akijikunja. Jumatano kwenye kikundi chetu cha sala, mtaa wa Matonge, mtu mmoja akalitamka lile neno, sumu. Hakulisema kwa sauti. Nilikuwepo. Nilikuwa nimemfahamu Nabintu miaka ishirini, na nilinyamaza.

Jumapili nikamtembelea. Nilikuwa nimenunua karanga kwenye kituo cha tramu, natafuna huku napanda ngazi, nikaziweka mezani. Akanimiminia chai kwenye kikombe chake cha manjano chenye picha ya jogoo, kile kilichomeguka ukingoni, alichokuwa nacho tangu kituoni. Maziwa kwanza, chai juu yake, ndivyo alivyofanya siku zote. Akakisukuma mbele yangu, akaanza kunieleza habari za mapazia.

Nikasubiri aonje. Hakuonja. Angeonja kwa nini? Yeye hakuwa amesikia kitu.

"Dada, juu ya nini hauna kunywa?" akaniuliza.

"Niko kwenye mfungo," nikasema.

Akatazama karanga. Akatazama kikombe. Akanitazama mimi. "Sawa, dada," akasema. Siku zote alikuwa ananisindikiza mpaka kwenye tramu, lakini siku hiyo aliishia mlangoni. Nilipogeuka, niliona kikombe bado kimejaa pale pale.

Wiki ya saba baada ya hapo akafa, jikoni kwake, peke yake. Moyo, walisema madaktari. Na Maman Georgette? Mawe kwenye nyongo. Walimpasua, wakayatoa, leo anaimba sauti ya kwanza. Kwenye kikundi cha sala hakuna aliyelirudia lile neno, kama vile halikuwahi kutamkwa. Mimi nilikuwa na wiki saba za kupiga simu moja. Sikupiga. Niliona haya, na nilijiambia nitapiga kesho. Makaburini nilisimama nyuma kabisa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kumwambia anisamehe na yeye anijibu, na hilo ndilo nililoomba kila usiku nikiwa macho. Nilisema, Mungu, nipe kile kikombe tena, nikinywe.

Kuwa mwangalifu na unachoomba. Mimi nilipewa.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na moja na nusu jioni, nje giza limeshaingia kama kawaida ya hapa. Baridi kavu, wiki nzima halijaanguka hata tone. Simu nimezima, miguu iko kwenye beseni, birika linasubiri. Mlango ukagongwa. Haikuwa kengele ya chini barabarani, ulikuwa mlango wangu wenyewe.

Nikafungua na miguu inachuruzika. Mwanamke. Umri wake sikuujua, angeweza kuwa na arobaini, angeweza kuwa na sabini. Koti refu la kijivu, kofia ya sufu, glavu. Sijawahi kumwona.

"Maman, unisamehe," akasema. "Nilikuya kuona muntu wa kule juu, haiko. Niko na baridi sana. Naweza ikala kidogo?"

Kiswahili cha Bukavu kabisa. Wewe ungemwacha kwenye ngazi? Nikamwambia karibu. Akaketi kwenye kiti kilichogeuzia dirisha mgongo, bila kuonyeshwa. Mimi nikarudisha miguu kwenye beseni, nikaomba radhi, nikasingizia ni ratiba ya daktari. Hapo nikaona koti lake linadondosha maji sakafuni. Nikawaza, kumbe mvua imeanza. Nikatazama kioo cha dirisha nyuma yake. Kikavu.

"Ngoja nikutafutie kikombe," nikasema.

"Hapana sumbuka, dada. Najua kwenye viko."

Akasimama. Akafungua kabati, mlango wa kushoto, akatoa kikombe cha manjano chenye jogoo.

Nisikilize vizuri hapa. Kikombe kile hakijawahi kuwa nyumbani kwangu. Vyombo vyote vya Nabintu mwanawe alivigawa baada ya mazishi, na mimi sikuomba hata kijiko, ningewezaje? Lakini kilikuwa kile kile, na mahali pake palipomeguka napafahamu kama jino langu lililovunjika.

Maji ya beseni yalikuwa ya moto. Yalipoa mara moja, yote, nikiwa na miguu ndani. Nikataka kuitoa, haikunitii.

Akamimina. Maziwa kwanza, chai juu yake. Akakisukuma mbele yangu kwa mkono wenye glavu.

"Kunywa."

Uso haukuwa wa Nabintu. Sauti haikuwa yake. Lakini nilijua, na nilijua kwamba nimepewa nilichoomba miezi mitatu. Nilichotakiwa kufanya ni kukinyanyua kikombe na kunywa, tena chai yangu mwenyewe niliyoipika mwenyewe, na mambo yangekwisha. Mkono wangu ulifika katikati ya meza. Naapa ulifika. Ukasimama hapo. Na huu mdomo, huu huu ninaokusimulia nao, ukasema:

"Onja kwanza, maman."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivua glavu ya kulia taratibu, akachukua kikombe, akapiga funda moja, akafunga macho, akaweka mkono kifuani. Tukasubiri, yeye na mimi. Mimi nilikuwa nalia tayari. Nikasubiri afungue jicho moja. Badala yake akanywa tena, na tena, bila haraka, nikawa nasikia kila funda likishuka, mpaka chini kabisa. Akakifudikiza kikombe mezani. Ndipo akafungua macho yote mawili.

"Niko muzima?" akaniuliza.

Aliniuliza. Nabintu hakuwa anauliza, yeye alikuwa anakuambia. Huyu aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, na akangoja jibu. Ungemjibu nini? Mimi nilifungua mdomo hakikutoka kitu, hata lile neno moja la kuomba msamaha nililolifanyia mazoezi kila usiku.

"Bon, basi," akasema. Akavaa glavu yake, akatoka, akafunga mlango polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Miguu ikanirudia. Nikatoka mbio pekupeku. Juu hapakai mtu, fleti ile iko tupu tangu kabla ya kiangazi, na mimi nilikuwa nalijua hilo nilipomkaribisha, sijui lilinitokaje kichwani. Nikashuka. Yule papa shemasi alikuwa mlangoni kwake anafunga viatu.

"Papa, umeona mwanamke anashuka?"

"Hapana, maman. Niko hapa tangu kitambo," akasema, akanusa hewa, akanitazama miguu. Nilijua nimeongezewa sala nyingine.

Niliporudi, mezani hapakuwa na kikombe cha manjano. Palikuwa na mduara wa maji mahali kilipofudikizwa. Birika lilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa imelowa kutoka mlangoni mpaka kwenye kile kiti, na nilideki kwa mikono yangu. Maono yanadekiwa?

Ungedhani yaliishia hapo. Martine aliniambia niache ile tisane, nikaiacha siku hiyo hiyo, pakiti nikaitupa. Kesho yake asubuhi, kazini, nikaweka kahawa yangu juu ya meza ya vyombo, nikageuka kuchukua sukari. Niliporudi ilikuwa imepungua. Funda moja tu. Na ukingoni palikuwa na alama ya midomo, bado mbichi.

Nikasema nimekunywa mwenyewe nikasahau. Jioni ikawa tena, kwa maji ya kawaida. Jumapili ikawa kanisani, kwa soda, chupa niliyoifungua mwenyewe. Sasa ni mwezi wa tano, na tangu siku ile sijamimina kinywaji chochote kisionjwe. Nikikikodolea macho hakiguswi. Lakini ukiwa mtu utapepesa, utaitikia mtu akikuita, na funda moja limekwenda. Kwanza nilikuwa namwaga na kumimina upya. Midomo ilinikauka mpaka ikapasuka. Nikamwendea padre, akasema huo ni msiba haujaisha, niupe muda. Usingizi haujarudi.

Siku hizi simwagi tena. Nasubiri kidogo, mkono kifuani, nasema, "Nabintu, unisamehe," na ninakunywa kilichobaki. Hakuna anayejibu. Kesho yake kikombe kimeonjwa tena. Kwa hiyo sijui. Huenda amenisamehe na ananilinda, anaonja kabla yangu kama zamani kule kituoni. Au huenda anataka nisimeze kitu chochote bila kukumbuka, mpaka nife. Jambo ambalo lingenipa jibu ni yeye kuniambia kunywa, na hilo aliniambia mara moja, na mimi sikunywa.

Basi wewe unayenisikiliza, chukua hili uende nalo. Ukikaribishwa kikombe na mtu mliyevuka naye mengi, na mtu mwingine amekutia neno sikioni, mwambie usoni aonje. Atakasirika, mtagombana, mtamaliza. Au funga macho unywe. Lakini usimwambie uko kwenye mfungo. Atatazama karanga zako mezani, atakuambia sawa, na utaishi na hiyo sawa siku zako zote.