Buibui Niliyemlisha Kama Maksai

Leo nacheka, lakini siku ile, jamani, nilitamani sakafu ya darasa inimeze. Nilikuwa mwalimu mpya katika kijiji cha ujamaa upande wa Machochwe, bado niko kwenye majaribio, na mkaguzi alikuwa anakuja kunitazama nikifundisha: akiridhika nathibitishwa kazini, asiporidhika narudi kuchunga ng'ombe wa baba (ambao nao hawakunipenda).

Nikachagua somo la buibui. Nilikuwa na mmoja mkubwa ndani ya fremu kuukuu ya dirisha, nimeifunika shuka, kila jioni nautoa utando wake na kila alfajiri anafuma mwingine. Ningemwacha hivyo hivyo ningekuwa salama. Lakini sisi huku tumekulia kwenye majembe ya kukokotwa, na maksai wa kulima kesho anashibishwa leo, basi nikaona huyu naye ana kazi mbele ya mgeni, apewe nguvu. Mvua ilikuwa imenyesha, kumbikumbi tele, nikamrushia mmoja akala, wa pili akala, mpaka wa saba, ndipo nikautoa utando nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi nikatangaza kwa sauti ya mkutano wa hadhara kwamba sasa tutaona kazi ya fundi asiyejua uvivu, nikavuta shuka. Hakuna hata uzi. Fundi amejikunyata pembeni, tumbo limemtoka. Nikasema leo amepumzika (kwa nini nilisema hivyo sijui mpaka leo), watoto wakacheka, mkaguzi akasogea aone, nikaitikisa fremu, buibui akamwangukia begani, nami kwa hofu nikampiga mkaguzi bega lile kwa daftari la mahudhurio. Nikajua kazi imekwisha.

Hapo dirishani alikuwa amesimama Mama Bhoke, mpishi wa uji wa shule. Akamwamkia mgeni kwanza, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, jana nilikuona ukimjaza kumbikumbi. Aliyeshiba atege mtego wa nini? Kule stoo ya unga, buibui wa dirishani anapata nzi kutwa, utando wake kama kiganja. Wa kona ya giza hapati kitu, amefuma mpaka kwenye nyungo zangu."

Mkaguzi akajifuta bega, akasema twende tukaone. Tukaenda darasa zima, na mama yule akafundisha nusu ya kipindi changu akiwa na mwiko mkononi, nami nikakiri mbele ya watoto kwamba nilikosea. Mkaguzi aliandika kuwa mwalimu huyu anafundishika, nikathibitishwa.

Namshukuru Mama Bhoke mpaka kesho. Angeweza kurudi kwenye sufuria yake, nami ningefunga virago. Tangu hapo nimeapa sianzi jambo kabla ya kumuuliza anayeliona kila siku.

Alasiri ile alikuja kama kawaida kwenye darasa langu la watu wazima kujifunza kuandika jina lake. Alipoingia, nikasimama, kama watoto wanavyomsimamia mwalimu wao. Akanitazama kidogo.

"Kaa, Mwalimu," akasema, nami nikakaa.