Matundu ya Fundi Emilian

Mzee Emilian alikuwa na namna yake ya kuingia katika nyumba za watu. Wengine hupiga hodi, wakakaribishwa, wakatafuta kiti. Yeye akishavuka kizingiti aliinua uso kwanza, akatazama pale ukuta unapokutana na paa. Akiona pameachwa nafasi, aliketi akazungumza kama watu. Akiona pamezibwa, alikaa karibu na mlango, akanywa upesi alichopewa, akaaga. Kwa tabia hiyo vijana wa milima ya nyuma ya Mugoma walimpa jina la Fundi Matundu, na hawakumwita hivyo kwa heshima.

Alizaliwa katika msonge, nyumba ya nyasi kutoka juu mpaka chini. Moshi wa mafiga ulipanda, ukajichuja katika nyasi, ukatoka. Asubuhi ukisimama kilima cha pili uliona kila boma limevaa wingu lake dogo. Nyumba ile ilipumua pamoja na waliolala ndani. Kisha yakaja mabati. Emilian hakuyachukia mabati, maana hata yeye aliyapigilia kwa mkono wake miaka arobaini. Alichochukia ni usahaulifu. Nyasi zilikuwa na kazi mbili, kuzuia mvua na kupitisha hewa, na watu walipozitupa waliitafutia badala kazi moja tu. Ile ya pili hakuna aliyeiuliza ilikwenda wapi. Walisiliba kila ufa, wakaweka dari chini ya bati, wakajifungia humo na pumzi zao, wakasema wameendelea.

Shule aliiacha darasa la tano. Mengine aliyasoma mwenyewe, katika magazeti ya kufungia sukari, katika vitabu alivyoachiwa na mapadre, na zaidi ya yote huko Lukole, miaka ile ya tisini, kambi za wakimbizi zilipofunika vilima na kila mwashi wa Ngara akapata kazi. Alipewa kujenga banda la wagonjwa wa kifua kikuu. Msimamizi wa banda hilo alikuwa muuguzi wa makamo kutoka Biharamulo, jina lake Scholastika, mwanamke mfupi aliyekuwa akitembea kama anayechelewa treni.

Siku banda lilipokwisha, Scholastika aliingia, akazunguka, akasema, "Fundi, umenijengea sanduku."

"Mama, nimejenga kama nilivyochorewa."

"Basi aliyechora naye anajua masanduku."

Aliagiza konzi ya nyasi, nusu mbichi nusu kavu, akaziwasha katikati ya sakafu. Banda likajaa moshi. Akatoa rozari mfukoni. "Nikimaliza Salamu Maria kumi na moshi bado umo, unabomoa," alisema, akaanza kusali bila haraka. Alisali kumi, akasali ishirini, na moshi ulikuwa ungali unaning'inia chini ya bati kama nguo iliyoanikwa.

"Huu unauona," alimwambia Emilian, macho yakimtoka machozi. "Anachokohoa mgonjwa hukioni, lakini kinakaa hewani hivihivi, kinangoja pua ya mwenzake. Sasa bomoa."

Alibomoa. Akaacha matundu chini, upande unakotoka upepo, na mengine juu kabisa upande wa pili, kwa kuwa hewa ikishapata joto la watu hupanda. Juu ya paa akaongeza kipaa kidogo kilichoinuka kama kofia, mvua isiingie, joto litoke. Waliwasha tena. Safari hii moshi ulikwisha Scholastika akiwa Salamu Maria ya nane, naye akazimalizia mbili zilizobaki kwa kuwa hakuzoea kuacha sala njiani. Tangu siku hiyo Emilian hakujenga darasa, kanisa wala nyumba ya mtu bila kuichomea nyasi na kusali. Watu walidhani ni tambiko. Aliwaacha wadhani.

Kazi ya mwisho ya maisha yake ilikuwa ukumbi wa kusubiria wa zahanati ya kijiji chao. Kabla ya hapo wagonjwa walisubiri kwenye baraza, mvua ikija wakarundikana chini ya michirizi. Wanakijiji wakachoma matofali, wakabeba mawe, kamati ikampa Emilian kuta na paa. Umaliziaji, yaani plasta na madirisha, ulipewa Danstan, aliyekuwa mwanafunzi wake miaka sita na sasa ni fundi mwenye pikipiki na simu mbili.

Emilian aliifanya kazi ile kwa bidii ambayo mkewe Deodata hakuwa ameiona tangu ujana wao. Sababu yake haikuwa siri. Muuguzi wa zahanati alikuwa Joyness, kitinda mimba wao. Ni yeye ambaye angekaa humo kutwa, siku sita za juma, uso kwa uso na kila anayekohoa wa kata nzima. Kwa hiyo baba yake aliweka matofali ya matundu safu mbili chini na safu mbili juu, na kipaa chake cha kofia. Mwezi wa tatu alichoma nyasi, Joyness amesimama mlangoni akimcheka. Moshi ulikwisha katika Salamu Maria ya saba.

"Baba, na mashetani nayo yametoka?"

"Hayo ni ya kamati. Yana mlango wake."

Juni ikaja na baridi yake. Anayeijua Ngara anaijua asubuhi hiyo, ukungu umelala mabondeni na upepo unapita mgongoni kama kisu cha kuchunia. Kina mama walioleta watoto kliniki walianza kunung'unika. Ukumbi mpya, matofali mapya, na bado wanatetemeka? Kamati ikaitwa, na mwenyekiti wake, Gidioni, akamwita Emilian.

"Mzee mwenzangu," alisema Gidioni, "wanawake wanasema hukutujengea ukumbi. Wanasema ni banda la kukaushia tumbaku."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyempakata mtoto akadakia, "Mimi mwanangu nilimleta na mafua, nikarudi naye na vichomi."

"Vichomi haviletwi na upepo, binti," Emilian alisema. "Vinaletwa na pumzi ya mtu mgonjwa iliyokosa pa kwenda. Mvishe mtoto kofia. Nyumba usiivishe."

"Babu, kofia utanunua wewe?"

Wakacheka tena. Danstan alisimama, akazungumza kwa adabu, akimtazama Emilian miguuni. "Mwalimu, ya Lukole yalikuwa ya kambi. Hapa tunajenga cha kudumu. Nimeweka madirisha ya aluminiamu, yanateleza kwa kidole. Anayetaka hewa atafungua."

"Na ni nani atakayefungua Juni?"

Jibu walikuwa nalo wote. Lakini mikono ilipoombwa, ilinyooshwa mingi, na shauri likawa matundu yazibwe.

Emilian alikusudia kwenda wilayani kupinga. Alikuwa ameshavaa koti lake la safari Joyness alipomkuta njiani akamshika mkono.

"Baba, wanaotukanwa si kamati, ni mimi. Jana mmoja amenitupia kadi ya mtoto usoni. Wanasema baba yangu anafanyia majaribio watoto wao. Niache nifanye kazi na watu."

"Na kifua chako?"

"Kifua changu kina mwenyewe."

Emilian alimtazama mwanawe, akavua koti, akarudi nyumbani. Alinyamaza. Hilo ndilo kosa lake, na alilijua siku ileile, kabla hajafika mlangoni. Kwa kazi yake angeweza kugombana na wilaya nzima. Kwa kumpendeza binti yake alishindwa kugombana na kina mama kumi na wawili.

Agosti Joyness alianza kukohoa. Vumbi, walisema, maana ni wakati wake. Septemba mvua zilituliza vumbi na kikohozi kikabaki. Deodata alimchemshia majani, akampa asali. Sketi za kazi zikaanza kumzunguka kiunoni. Emilian alikuwa akimsikiliza usiku na mchana kama mtu anayesikiliza ukuta unaopasuka. Oktoba alimpeleka mwenyewe hospitali mjini. Makohozi yalipimwa, jibu likawa lile alilokuwa nalo moyoni tangu Agosti.

Muuguzi akapata kifua kikuu, na waliomwambukiza hawajui kama walimwambukiza. Walikuja kutafuta dawa, wakaketi wakangoja, wakapumua. Nani amlaumu mtu kwa kupumua?

Huko kwetu ugonjwa huo bado una aibu yake. Deodata, mama mwenye upendo wote, alimwandalia mwanawe chumba cha ndani, akafunga dirisha, akatundika na blanketi juu yake ili majirani wasisikie kikohozi. Emilian aliporudi kutoka shambani akakuta chumba kimekuwa giza. Hakugombana. Alichukua bisibisi, akaing'oa mbao ya dirisha pamoja na bawaba zake, akaipeleka nyuma ya jiko.

"Baba Joyness, watu watamwona."

"Wamwone."

"Watasema."

"Tangu lini wamenyamaza?"

Joyness alimeza dawa zake bila kukosa siku. Miezi miwili ilipopita alipimwa tena, akaonekana hawezi tena kuambukiza mtu. Dawa angeendelea nazo miezi minne mingine, lakini kazini angerudi Jumatatu. Alifurahi. Baba yake hakulala. Alikuwa akimrudisha mwanawe katika sanduku lilelile.

Alikwenda kwa Gidioni. Alimkuta anapukuchua maharage, akaketi akamsaidia, kisha akasema, "Nimekuja kuomba matundu yangu."

Gidioni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo liliyafanya mambo kuwa magumu. Alisikitika kwa kweli. "Mzee mwenzangu, ukumbi umeshapokelewa na serikali. Sasa ni mali ya umma. Hata msumari mimi siruhusiwi kuupigilia."

"Wakati wa kuziba nani alikuruhusu?"

"Wakati ule ulikuwa bado wetu."

Emilian alipukuchua ganda alilokuwa nalo mkononi, akaweka maharage katika ungo, akaondoka.

Jumapili baada ya Misa alichukua ngazi, nyundo na patasi, akaenda zahanati. Alifikiri kazi itakuwa ndogo, lakini alipopanda hakuona matundu. Danstan alikuwa ameziba na kupiga plasta kwa ustadi mkubwa hata ukuta ulikuwa laini kama yai, hakuna alama, hakuna mshono. Ilimbidi mzee agonge kwa kifundo cha kidole, aweke sikio, ajue ni wapi kuna tofali tupu. Kipande baada ya kipande cha saruji kilianguka. Alikuwa amefungua tofali la tatu aliposikia pikipiki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Danstan."

"Shuka. Una miaka sabini na minne."

"Saruji ulichanganya vipi?"

"Moja kwa nne. Kama ulivyonifundisha."

"Ni kazi nzuri. Imenisumbua."

Danstan aliishika ngazi, maana ilikuwa inatikisika, akaishikilia mpaka tofali la nne likafunguka. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, kesho kutwa wataniita niyazibe. Na nikiitwa nitakuja."

"Unajua ni ya nini?"

"Najua. Ulinisalisha Salamu Maria zile miaka sita." Alitazama pembeni. "Nikikataa wataitwa wengine, na kazi za kata nzima zitakwenda nao. Hakuna anayeniita nimjengee matundu, mwalimu. Wananiita niyazibe."

Emilian alishuka. Hayo manne yalikuwa yamemmalizia nguvu zake zote.

Jumatatu Joyness aliingia kazini akaona mwanga mdogo juu ya ukuta, akaelewa, akatabasamu. Jumanne mtendaji wa kata alimwita Emilian, akamwambia mbele ya watu kwamba safari hii anasamehewa kwa umri wake, lakini akionekana tena na nyundo kwenye jengo la serikali atapelekwa polisi. Mzee aliitikia vizuri, akasaini alipoonyeshwa. Jioni ya siku hiyo Danstan alikuja kama alivyoahidi, na ukuta ukawa laini tena.

Jumatano ilikuwa mvua, mvua ya Desemba isiyo na haraka. Emilian alikwenda zahanati bila kuitwa, hana kitu mkononi. Alimkuta Joyness barazani, nje ya ukumbi, pale wagonjwa walipokuwa wakilowa zamani. Alikuwa ameitoa meza yake peke yake, akaisukuma ukutani, amejifunga kitenge juu ya sare, karatasi amezikandamiza kwa jiwe zisipeperuke. Aliwaita wagonjwa mmoja mmoja kutoka ndani, akawahudumia hapo kwenye baridi, akawarudisha.

"Wamekukataza?" alimuuliza.

"Wamenicheka. Kukataza hawajui wanikatazeje."

"Na wao?"

"Nimewaambia watoke tukae wote hapa. Nimewaambia mpaka koo limekauka, Baba."

Emilian alitazama kupitia kioo cha aluminiamu. Kilikuwa kimejaa mvuke mpaka nyuso hazikuonekana vizuri, vivuli tu vilivyobanana kwenye mabenchi, kina mama na vichwa vya watoto, na mahali fulani katikati yao mtu akakohoa kikohozi kirefu cha chini. Mzee aliivuta meza kidogo ili isipigwe na michirizi, akasimama upande unakotoka upepo, amkinge mwanawe.

Mama kijana alipanda ngazi za baraza, mtoto mgongoni, miguu imejaa tope. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu. Mbona nesi mmemkalisha kwenye baridi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe kaa hapa. Mfunike mtoto, kaa hapa nasi."

Alimtazama mzee, akaitazama mvua, akacheka kwa upole kama anayechekea maneno ya mtu aliyezeeka sana. Akaingia ndani, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akageuka akaufunga mlango taratibu, baridi isiwaingilie wenzake.